Mikono Isiyo na Nyuzi

Mwanamke aliyekuwa mikononi mwa Tusekile asubuhi ile alikuwa ng'ambo ya bahari, na nje ya dirisha lake ilianguka theluji. Tusekile aliiona kwenye kioo, nyeupe, ikishuka bila haraka, wakati juu ya paa la chumba cha glavu pale Isongwa mvua ya Rungwe ilipiga bati kana kwamba ina kisasi nalo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa imezimwa, kama siku zote. Kampuni ya Viganja iligundua mapema kwamba wakunga wanaosikia wateja wakilia huchoka upesi. Lakini joto la ngozi lilifika. Lilipita kwenye mashine iliyomwinamia mama yule, likaingia kwenye glavu, na Tusekile akalisikia vidoleni kama vile tumbo lile lilikuwa mbele ya magoti yake.

Kichwa kilikuwa juu, chini ya mbavu. Akakishika kwa mkono mmoja, makalio kwa mwingine, akangoja misuli ilegee, akasukuma. Mtoto akazunguka kama mtu anayejigeuza usingizini. Taa ya kijani ikawaka, kioo kikazimika. Hakuwahi kuwaona wakitabasamu; tabasamu halikuwemo katika huduma iliyolipiwa.

Alipovua glavu alimkuta Lugano mlangoni, maji yakimchuruzika hadi kwenye kandambili. Lugano alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, muuza maparachichi, wifi wa Subilaga, wa nyumba ya tatu kutoka kwa Tusekile. Akaeleza kwa pumzi moja kwamba Subilaga ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, chupa ya uzazi haijapasuka, lakini mtoto amelala kingamo, kichwa ubavu huu na makalio ubavu ule. Mtoto wa namna hiyo hatoki. Kisha macho yake yakaangukia mikono ya Tusekile, na papo hapo akayaondoa, kama watu wote wa Isongwa walivyojifunza kufanya.

Miaka minne nyuma, kijiji kizima kilipiga makofi siku Tusekile, Mama Ipyana kwao, alipokubali kazi ya Viganja. Viganja walikuwa wamesikia habari za mkunga wa mlimani anayegeuza watoto bila kisu. Walipitisha nyuzi nyembamba kuliko nywele chini ya ngozi yake, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Kazi ya kwanza ya nyuzi hizo ilikuwa kubeba kila mwendo wa mkono wake mpaka kwenye mashine za mbali. Kazi ya pili ilikuwa ulinzi. Kampuni ilinunua ujuzi wake wote kwa miaka kumi na miwili, na kitu kilichouzwa chote hakina cha kugawa. Kwa shughuli nyingine mikono ilibaki yake: alimenya ndizi, alisuka nywele, alipiga makofi kanisani. Lakini vidole vikianza tu ile safari ya kumtafuta mtoto tumboni mwa mama, nyuzi zilitambua, na vidole vikafa ganzi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nusu ya ujira iingie mfuko wa kijiji. Mfuko huo ndio uliojenga zahanati, ukanunua ndege ya wagonjwa inayoruka bila rubani, ukalipa walimu wawili na uji wa watoto shuleni. Alijiambia kwamba mikono miwili humsaidia mama mmoja kwa siku, lakini fedha huwafikia wote. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Hata asubuhi ile ilikuwa bado sahihi.

Akachukua mwavuli, wakatoka.

*

Zahanati ilikuwa na vigae vyeupe na kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza. Ndege ya wagonjwa ilikaa uani chini ya turubai, maana macho yake hayakupenya ukungu, na ukungu ulikuwa umelala juu ya Isongwa tangu juzi. Nesi alikwenda Mbeya kumuuguza baba yake. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imefukiwa na udongo ulioporomoka.

Ambakisye, mume wa Subilaga, alikuwa barazani na simu sikioni, akiongea na Viganja wenyewe. Aliporudi ndani aliwaeleza kwamba watu wale wamekuwa waungwana sana. Mashine yao ipo Mbeya mjini, mkunga yuko tayari, na Subilaga akifikishwa tu atahudumiwa dakika hiyohiyo. Aliposema hivyo hakuna aliyeuliza mkunga huyo aliye tayari ni nani. Tusekile alikuwa anafunga mlango kuzuia upepo.

Alijaribu, ingawa alijua. Alipasha viganja vyake joto, akaviweka juu ya tumbo la Subilaga, akamwona mtoto pale alipo kama mtu anavyoona kiti gizani nyumbani kwake. Vidole vikaanza kujikunja kukitafuta kichwa. Ganzi ikashuka kutoka kwenye kiwiko kama maji baridi, na mikono ikalala juu ya tumbo lile, mizito, kama ya mtu mwingine. Subilaga alimtazama. Hakumlaumu, na Tusekile aliona afadhali angemlaumu.

Basi akamwita Lugano aoshe mikono. Alidhani kwamba kama vidole vimeuzwa, maneno hayajauzwa. Angemwelekeza, naye Lugano angetenda. Kwa muda mrefu alimwambia bonyeza hapa, teleza kule, tafuta kitu kigumu. Lugano alitafuta mpaka jasho likamtoka, akasema anasikia nyama tu. Uchungu ulikuwa unakaribiana. Tusekile aliweka sikio kwenye pembe ya kusikilizia, akasikia moyo wa mtoto unakwenda vizuri bado, na alijua hautakwenda vizuri siku nzima.

Hapo ndipo alipofikiria bega. Nyuzi zilianzia kwenye kiwiko. Bega halikuwa limeuzwa.

Akasimama nyuma ya Lugano, akailaza mikono yake iliyokufa juu ya mikono ya yule binti, kiganja juu ya mgongo wa mkono, kama mtu anayefunika sufuria. Vidole vyake havikusikia kitu. Vya Lugano ndivyo vingesikia. Akamwambia alegeze mikono yake kabisa, asisukume, aseme tu anachokutana nacho.

"Kuna kitu kigumu," Lugano alisema baada ya kitambo. "Cha mviringo. Kinanikwepa."

"Usikifukuze. Kingoje kirudi."

Uchungu ulipopita, Tusekile akaegemea kwa bega la kulia. Mzigo wa mwili wake ukashuka kwenye mikono iliyokufa, ukaingia kwenye mikono hai iliyokuwa chini yake. Ilikuwa kazi butu, kama kushona kwa mchi. Mara mbili walimpoteza mtoto. Mara ya tatu Lugano alisema kichwa kimeshuka kidogo, Tusekile akahamishia uzito kwenye bega la kushoto, wakangoja, wakasukuma tena, wakangoja. Subilaga aliuma upindo wa kitenge chake, hakupiga kelele. Halafu Tusekile alihisi mgongo wa yule binti ukikakamaa kifuani pake.

"Ameenda," Lugano alinong'ona. "Mama Ipyana, ameenda mwenyewe."

Mtoto wa kike alizaliwa alasiri, kichwa kwanza. Ambakisye alilia kwenye baraza bila kujificha. Lugano aliketi sakafuni, akaitazama mikono yake kwa namna ambayo Tusekile aliikumbuka. Yeye pia aliwahi kuitazama yake hivyo, zamani, kabla haijawa na thamani.

Yake ilikuwa inarudi uhai taratibu. Chini ya ngozi kulikuwa na joto dogo, kama sindano nyingi. Nyuzi zilikuwa zinahifadhi jambo.

*

Barabara ilipofunguka, wa kwanza kuingia kijijini alikuwa Doreen, msichana wa Viganja aliyekuja kila mwezi na sukari na sabuni. Alimwamkia Tusekile kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akakataa kiti mpaka alipolazimishwa.

Hakuja kwa ugomvi. Alieleza kwamba mkataba haukuvunjwa, kwa sababu vidole havikufanya kazi. Ila nyuzi ziliona viganja vikienda kwa mpango ambao haujulikani popote, na kule makao makuu watu walifurahi. Siku Tusekile atakapovaa glavu tena, nyuzi zitaukabidhi mpango ule, na utalipwa kama ujuzi mpya, vizuri kuliko ule wa kwanza.

"Na baada ya hapo?" Tusekile aliuliza.

"Baada ya hapo unaingia kwenye mkataba, mama. Kama vile vingine."

Tusekile akauliza habari za Lugano, maana njia ile ilikuwa ya watu wawili. Doreen akasema mikono isiyo na nyuzi haina mwenyewe. Sheria haimzuii Lugano kufanya apendalo. Akaongeza kwamba Lugano naye akitaka kuuza, mlango uko wazi, vidole vyake ndivyo vilivyosikia. Lakini kampuni hainunui kitu kimoja mara mbili. Atakayetangulia kati yao ndiye muuzaji.

Doreen alipoondoka, Tusekile aliamua hatavaa glavu. Aliwaambia watu mikono inamuuma. Mchana alimwita Lugano jikoni kwake, akafunga boga ndani ya kitenge juu ya gunia la unga, akamfundisha. Siku za mwanzo alilaza mikono yake juu ya mikono ya Lugano. Baadaye aliondoa mkono mmoja, kisha wote wawili, akabaki na maneno. Boga likafuatiwa na tumbo la mke wa mchungaji wa kanisa, ambaye mtoto wake alikaa vibaya mwezi wa nane wa mimba. Lugano alimgeuza peke yake, Tusekile akiwa ameketi pembeni ameikalia mikono yake. Alifurahi, na furaha ile ilimkata kama wembe.

Wakati huohuo mfuko wa kijiji ulikuwa unakauka. Uji wa shule ukawa mwepesi, kisha ukawa wa siku tatu kwa wiki. Mwalimu mmoja alianza kuuliza nauli ya kwenda kwao. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Asegelile, alikuja jioni na mkungu wa ndizi, akakaa sana, akazungumzia mvua na kahawa na wajukuu. Hakuwa mtu mbaya. Wakati wa kuaga ndipo aliposema lililomleta.

"Mama Ipyana, hakuna anayekulazimisha," alisema, akaitazama kofia yake. "Nataka ujue hivyo. Hakuna."

Tusekile alifunga mlango, akaona kwamba angependelea wangemlazimisha. Mtu anayelazimishwa hupata wa kumchukia. Hata Ambakisye, na binti yake mchanga mgongoni mwa mkewe, alimsimamisha njiani akamuuliza kwa heshima zote mikono itapona lini, kwa sababu yule mwalimu anayefunga mizigo ndiye anayemfundisha mtoto wake mkubwa.

*

Lugano alikuja siku ya Jumamosi, Tusekile akichambua maharage uani. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alichuchumaa, akaanza kusaidia kuchambua, akatoa mawe mawili matatu kabla ya kusema kwamba Doreen amekwenda kwake.

Tusekile alikuwa akilitarajia hilo. Alijua nyumba ya Lugano ilivyo: mume aliyekwenda kwenye dhahabu ya Chunya na kutuma kimya, watoto wawili, mama mwenye ukungu wa macho anayepapasa kuta. Alijua Lugano huuza yale maparachichi ambayo wanunuzi wa nje wameyakataa kwa sababu ya madoa. Doreen alimwahidi mshahara wa kila mwezi, na daktari wa macho juu yake.

"Wewe ndiye uliyenipa," Lugano alisema. "Ukinikataza sitasaini. Ukiniruhusu nakwenda Jumatatu."

Tusekile akamuuliza ni nani atakayebaki na akina mama wa Isongwa. Lugano alikuwa amelifikiria. Akasema atamfundisha Subilaga kwanza. Tusekile akamuuliza kama Subilaga hatafuatwa naye.  Lugano aliendelea kuchambua maharage ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Tusekile alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa pale ulimini. Lakini aliona kwamba hapana ya leo haitoshi. Angelazimika kuirudia kila mwezi, kila Doreen akija na sukari, kila mama wa Lugano akijikwaa. Na yeye angeisema akiwa wapi? Akiwa ndani ya nyumba ya matofali, iliyojengwa kwa ndiyo yake mwenyewe. Akamwambia Lugano ampe Jumapili afikiri, atamjibu Jumatatu asubuhi.

Jumapili alikaa kanisani bila kusikia neno. Alizungusha jambo lile kila upande kama alivyozoea kumzungusha mtoto, na kila upande ulikuwa na ukuta. Akiendelea kukataa glavu, uji unakwisha na Lugano anasaini. Akimzuia Lugano, anamnyima bibi kizee macho yake. Akimruhusu, mkono wa mwisho ulio huru Isongwa unafungwa. Palikuwa na njia moja tu ambayo watoto wangekunywa uji na mikono ya Lugano ikabaki haina mwenyewe. Njia hiyo ilipita nyuma ya mgongo wa Lugano: atangulie yeye kuuza.

Jumatatu alitangulia. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya chai alipofungua chumba cha glavu. Akaketi, akaingiza mikono. Glavu zilikuwa na vuguvugu, kama siku zote, kama mkono wa mtu anayekusubiri. Alisikia nyuzi zikijimimina, zile sindano ndogo zikitoka moja baada ya nyingine, na ilipokwisha taa ya kijani iliwaka. Kabla hajavua, alijaribu kulaza kiganja kimoja juu ya kingine na kuegemea kwa bega. Ganzi ikashuka mara moja; njia ile nayo ilikuwa imeuzwa. Alipoviachanisha, vidole vikarudi, kioo kikawaka, na mama wa mahali fulani penye jua kali akatokea, akingoja kuhudumiwa. Tusekile akamhudumia.

Alipotoka, Lugano alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, amevaa gauni lake la kanisani, kitambulisho mkononi. Doreen alikuwa amekwisha kumwambia kwa simu, kwa upole, kwamba hawatamhitaji tena.

Tusekile alieleza yote, bila kujitetea. Akasema kuanzia mwezi huo nusu ya ile nusu yake mwenyewe itakuwa ya Lugano, na macho ya mama yake yatatibiwa.

Lugano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikuja kuomba sadaka, mama," alisema. "Nilikuja kuomba ruhusa. Ungesema hapana ningeelewa."

Akakitia kitambulisho kwenye mkoba, akaondoka akikwepa madimbwi ili viatu visichafuke.

*

Mfuko ukajaa tena. Mwalimu akafungua mizigo. Mwenyekiti Asegelile alimshukuru Tusekile mbele ya mkutano, watu wakapiga makofi, na yeye akayapokea akiwa ameketi, mikono mapajani. Lugano hakupiga wala hakukataa kupiga, hakuwepo. Walipokutana njiani alimwamkia Tusekile shikamoo kavu, ile inayotolewa kwa mtu wa mbali. Mama yake alipelekwa kwa daktari wa macho, na Lugano aliandika kila shilingi kama deni, ingawa hakuna aliyemdai.

Siku ya gulio, asubuhi yenye jua, mwanamume mmoja alishuka mbio kutoka kitongoji cha juu. Alipita wauza viazi, akaja moja kwa moja mpaka kwa Tusekile, kwa mazoea ya zamani, akasema mkewe ameshikwa na uchungu, na mtoto amelala kingamo. Kisha akakumbuka. Macho yake yakashuka kwenye mikono ile, na watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso zao, taratibu, kuelekea upande ambapo Lugano alikuwa amepanga maparachichi yake juu ya gunia.

Lugano hakuinuka.

"Utanilipa nini?" alimuuliza yule mwanamume.

 Isongwa hapakuwa na mtu aliyewahi kuulizwa hivyo na mkunga. Bibi mmoja alisonya, mwingine akasema kwa sauti ya kusikika kwamba dunia imeharibika, na wachache wakamtazama Tusekile, kana kwamba yeye ndiye angemkanya. Tusekile alitazama chini. Kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye alikuwa wa mwisho mwenye haki ya kusonya.

Mwanamume akasema ana gunia la viazi, na kuku. Lugano akasema viazi vinatosha. Akafunga kitenge kiunoni, akajitwika mkoba, akashika njia ya kupanda bila kumwangalia yeyote, yule mwanamume akimkimbilia nyuma.

Maparachichi yalibaki juu ya gunia, hayana mwenyewe, na jua lilikuwa linapanda. Tusekile aliyatazama kwa muda. Kisha akavuka, akakaa nyuma ya gunia pale Lugano alipokuwa amekaa, akayapanga upya, yenye madoa yakiwa chini. Mama mmoja alisimama, akauliza fungu bei gani. Tusekile hakujua. Akamwomba angoje, akamuuliza muuza viazi wa jirani Lugano huuza kwa kiasi gani, akatajiwa, akamgeukia mteja na kumtajia bei ileile, haikupungua hata senti. Akachagua yale mazuri kwa vidole vyake, akayabonyeza moja moja kuona yaliyoiva, na vidole vilisikia kila kitu.